Mbwa wa Getini Kwako

Binamu yangu Rozelda,

Huku bondeni hatujambo. Mapera yameiva, jamu nimeshapika, na chupa yako nimeiweka kando.

Unamjua Denver wangu na baiskeli yake. Kila Jumamosi lazima apige barabara za changarawe mashambani, eti hazina magari, anapumzisha akili. Juzi nikaazima baiskeli, nikamwambia tufuate mto, tupite kwako.

"Kule sijawahi kupita, mpenzi," akasema. "Njia yenyewe siijui."

Tulipokaribia geti lako, mbwa wako Wagter akatoka mbio. Ulishanionya kwamba hapendi baiskeli. Kanikimbiza mpaka nikaangukia mtaroni, goti likachubuka. Denver alisimama tu. Mbwa akamlamba mikono, kisha akatangulia kuelekea mlangoni kwako, akigeuka kumtazama kama anayeuliza mbona leo amechelewa.

"Ananifananisha na mtu," Denver akasema.

Hukuwapo nyumbani, kwa hiyo nakuuliza hapa: mbwa wako anamfananisha mume wangu na nani?

Jamu yako ipo. Njoo uichukue mwenyewe, usimtume mtu wa baiskeli.

Ni mimi, mwenye goti,
Charnelle