Mipira ya Pijo ya Baba

Lyon, 3 Oktoba 2009

Mama yangu mpendwa,
Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Ami Belkacem amepata mtu wa kununua gari la Pijo la marehemu baba, alichambue vipuri. Kubali, mama. Mipira ya milango imepasuka, mvua inaingia mpaka vitini. Halafu utaendesha kwenda wapi?
Mwanao, Nadir

Mostaganem, 19 Oktoba

Mwanangu Nadir,
Goti halijambo, na hata lingeuma nisingekwambia wiki hii. Gari haliuzwi. Nimevua mipira yote, nikaiosha kwa maji vuguvugu na sabuni, nikaipaka gliserini ya duka la dawa. Inalainika. Wa mlango wa dereva ulishakufa. Nimeagiza mpya Oran. Bampa zilikuwa zimepauka, ami yako akasema nipake rangi ya viatu. Nikapaka, umande ukaichuruzisha hadi kwenye gauni langu. Akacheka: "Mjane anaremba gari." Nikamwambia akarembe nyumba yake. Nikaifuta yote, nikaanza upya na dawa ya plastiki.
Baba yako alinifundisha kuendesha siku za Ijumaa tu, barabara ikiwa tupu, watu wasinione. Sasa nataka wanione. Warithi ni wewe na mimi. Nitumie karatasi yenye saini yako kuwa gari ni langu.
Mama yako

Lyon, 2 Novemba

Mama,
Natumai u mzima. Ami ndiye aliyenisomesha, siwezi kumvunjia heshima. Alhamisi tarehe kumi na mbili anakuja na mnunuzi. Tafadhali usigombane naye.
Nadir

Mostaganem, 14 Novemba

Nadir,
Mimi mzima. Sikugombana na mtu. Alhamisi asubuhi nilikwenda Oran na gari kufungisha ule mpira mpya, nikarudi mvua inamwagika njia nzima. Nilipofika nikamkuta ami yako getini, amelowa chapachapa. Mnunuzi alishachoka akaondoka. Nikamwambia, "Ingia, Belkacem, nikupeleke kwako."
Akaingia. Akapapasa ukingo wa mlango, akapapasa zulia chini.
"Halivuji," akasema.
"Halivuji."
Nikapita naye katikati ya soko, taratibu, watu wote wakitutazama. Karatasi yako sijaiona. Isipokuja, nitaendesha hivyo hivyo.
Mama yako

Lyon, 23 Novemba

Mama yangu,
Ami alinipigia simu. Akasema, "Mwandikie mama yako hiyo karatasi." Karatasi hii hapa, na saini yangu chini.
Mwanao, Nadir