Minani wa Kwanza

Murusagamba, Jumapili

Baba mkwe Minani, shikamoo. Sisi huku ni wazima, sijui ninyi huko Runazi. Maharage yamekomaa, upepo umeangusha migomba mitatu, na daraja letu limebomoka tena, kwa hiyo barua hii naituma kwa mkono wa katekista.

Mjukuu wako amezaliwa, wa kiume. Kwa mila yetu babu mzaa baba ndiye anayetoa jina. Nilikusubiri majuma mawili. Najua mwanao Bonaventura amekuambia kwamba mtoto si wake. Hilo sitabishana nalo kwenye karatasi.

Juzi kliniki muuguzi aliniuliza amwandike nani. Nikasema Minani. Akacheka, maana huku kila mtu anajua Minani ni jina la mtoto wa nane.

"Mama, si huyu ndiye wa kwanza? Wale saba wako wapi?"

Nikamwambia wa nane ni babu yake. Siku ya harusi ulinisimulia mwenyewe kwamba mama yako alihesabu watoto wote, hata wale aliowazika, ndipo akakuita hivyo. Huyu amerithi tu.

Jina la ukoo likikaa nyuma ni rahisi kulikata. Mimi nimeliweka mbele.

Ana masikio yako, yale yaliyosimama. Njoo umwone. Usipokuja, basi siku ukipita mnadani huku ukasikia mwanamke anaita "Minani!", usigeuke. Si wewe ninayemwita.

Mkweo,
Deodata