Vidole Vitatu vya Asubuhi

Kwa Baba yangu uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa nimeinamisha uso, na usidhani ni adabu. Unanijua. Ni daktari kaniamuru: siku saba uso chini, kula chini, kulala chini, kwa sababu wamenijazia kiputo cha gesi ndani ya jicho la kulia. Niko Bujumbura, Buyenzi, kwa mjukuu wako Zaina. Kazi pekee inayomfaa mtu aliyeinama ni kuandika, na jicho la kushoto bado ni zima. Leo ni siku ya tatu. Kama hili la kulia litaona tena au ndiyo basi, hakuna anayejua, hata daktari mwenyewe. Naogopa, Baba. Nimemgombeza Zaina tangu alfajiri kwa mambo yasiyo na maana, kumbe ni woga tu.

Unakumbuka walipokutoa mtoto wa jicho? Ulirudi Rumonge ukijigamba mtaa mzima. Ulikuwa umevua ndagala ziwani usiku kwa taa za karabai maisha yako yote, na sasa ulikuwa unaona mpaka magamba yaliyonasa kwenye kanga yangu, unayatoa mojamoja. Kitu kimoja tu kilikukera: walikukataza kusujudu, kichwa kisishuke mpaka kidonda kipone. Ukawa unaswali kwenye kiti huku umenuna. "Hii si swala," ulisema, "hii ni mukutano." Sasa mwanao ana sijda ya siku saba mfululizo, cheka basi.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa ninaanika ndagala pale mchangani pamoja na wenzangu, ukanijia polepole, umeshika ukingo wa jicho. "Mama Zaina, iko kitu inawaka mu jicho. Pembeni hapa. Inawaka, inazima."

Mimi na mdomo wangu huu! Nilisema, "Ni taa zako za ndagala hizo, muzee, zimekufuata mpaka nyumbani." Wanawake wote wakaangua kicheko. Na wewe ukacheka, ukarudi zako ndani. Hukunitajia zile taa tena.

Baada ya siku chache ukasema kuna pazia. Tukasema basi, mtoto wa jicho amerudi, na kila mtu pwani hii anajua kwamba mtoto wa jicho hakatwi akiwa mchanga, anasubiriwa akomae. Ndivyo walivyoambiwa wazee wetu zamani. Kwa hiyo tukakaa tukimsubiri akomae. Tulisubiri, Baba! Tulipokufikisha kwa daktari alikuangalia kwa taa yake kitambo, akaniuliza mimi, si wewe, "Mulikuwa wapi siku zote hizi?" Nikatazama viatu vyangu.

Ndipo nikaanza ule mchezo wa vidole, kupima kama lile jicho bado linaona. Kila asubuhi kabla ya chai, nakufunika jicho la pili, lile lililo zima, kwa kiganja, nanyanyua mkono. "Ngapi?" Nawe unajibu, "Tatu." Ni kweli vilikuwa vitatu. Moyo wangu unatulia, naenda kazini. Miezi kadhaa nilitulia hivyo, mpaka Zaina, mtoto wa shule wakati huo, aliponiambia, "Mama, mbona kila siku unaonyesha tatu tu?" Kesho yake nilibadilisha. Yaliyotokea siku hiyo sijamwambia mtu. Ngoja kwanza, shingo inauma.

Nimepumzika. Nikwambie yangu.

Mwaka huu nami nilitolewa mtoto wa jicho, hili la kulia. Haikwenda vizuri. Daktari alinieleza bila kuficha: kile kifuko chembamba kinachoshika lenzi kilipasuka wakati wa operesheni, jicho likafungwa salama, lakini sasa ni jicho la kuchungwa. "Mama, ukiona mwanga unamulika, au kivuli, unakuja siku hiyohiyo. Si kesho." Nikamshukuru, murakoze. Tangu siku hiyo kila kilichong'aa kilinishtua. Bati. Kioo cha pikipiki. Kijiko.

Wiki ya tano, nikiwa palepale mchangani, kitu kikamulika pembeni. Kikazima. Kikamulika tena. Niliangusha ungo, ndagala zote chini. "Jua ni kali leo, Mama Zaina," mmoja akasema. Nikamfokea: "Jua liko juu, hii iko ndani!" Hakuna aliyecheka. Niliwaachia ndagala zangu na kunguru wao, nikakamata gari la kwanza lililoelekea Bujumbura, nikakaa mbele kando ya dereva.

Tulipofika Muhuta nilifunika jicho la kushoto. Kivuli kilikuwa kimeingia kutoka chini, kimekula magoti ya dereva. Mbele kidogo tukasimamishwa, ziwa limemega barabara, magari yanapita mojamoja. Nikafunika tena. Kimefika kwenye usukani.

"Pita!" nikamwambia.

"Mama, tulia, barabara iko mbaya."

"Barabara itatengenezwa! Mimi jicho langu nani atalitengeneza?"

Maskini, alikuwa kijana mpole, akapiga honi mpaka wakatupisha. Tulipopita Kabezi sikufunika tena. Niliogopa kujua. Nilishika kichwa kwa mikono miwili kila shimo, nikimsomea Mungu kila dua uliyonifundisha na nyingine nikizitunga.

Daktari aliniangalia muda mrefu. Akasema nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha, imetoboka, maji yamepenya nyuma yake na inabanduka. "Katikati bado inashika," akasema. "Kesho isingeshika." Wakanipasua jioni ile. Nilikuwa macho, Baba, sehemu ya jicho tu ndiyo iliyokufa ganzi. Walinyonya ule ute wa ndani, wakachoma ukingo wa tundu kwa mwanga, wakaweka gesi iikandamize ngozi mpaka ishike. Na wewe ungefanyiwa hivyohivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko shingo.

Naacha hapa, karatasi imelowa.

Leo ni siku ya kumi na tatu. Niliruhusiwa kuinua uso, lakini karibu wiki nzima jicho hili liliona ukungu tu, nikajua nimelipoteza. Asubuhi hii nimeamka nikaona mstari. Chini yake kunatikisika kama maji kwenye gilasi, ndiyo gesi inayokwisha. Juu ya mstari kuna mwanga mtupu, sikujua kama kuna zaidi.

Nikamwita Zaina. Nikafunika la kushoto mwenyewe, nikabana mpaka likauma. Nikasikia amenyanyua mkono, na kabla sijatazama nikamwambia, "Si vitatu! Nyanyua utakavyo, ila si vitatu, na usinisaidie."

Nikainua kidevu. Juu ya mstari kulikuwa na kidole kimoja, cha mwisho, chenye lile kovu la mafuta ya mawese aliyojimwagia akiwa mdogo. Nililiona kovu, Baba. Nikasema, "Kimoja. Kile cha kuungua." Zaina akalia kama mtoto. Daktari anasema bado safari, tusishangilie mno. Nimeshangilia.

Sasa nikwambie niliyoyaficha. Nisamehe kwa kicheko cha siku ile mchangani. Nisamehe kwa kusubiri. Na ile asubuhi niliyobadilisha, ulitabasamu vizuri sana, ukasema "Tatu," nami nikakujibu, "Ndiyo, Baba, tatu," nikatoka haraka usinisikie nikilia.

Nilikuwa nimenyanyua kimoja.

Mwanao,
yule mwenye mdomo