Ahadi Niliyoitoa Mbele za Watu

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza, kisha basi la Makambako. Kikao cha harusi ya Joseph, mtoto wa kaka Danieli. Nimekaa nyuma na mke wangu, Skola, kama kawaida. Majina yakaanza kusomwa, kila aliyeitwa akisimama kutaja mchango wake. Fundi mmoja niliyejifunza naye kushona akataja laki. Zamu yangu ikafika. Nikasikia mdomo wangu unasema laki mbili. Makofi. Skola hakupiga.

Cherehani wiki hii imeniletea elfu ishirini na nane tu.

Njia nzima hadi nyumbani, kijijini Yakobi, Skola alitazama dirishani. Kaka ndiye aliyenilea, akanilipia mafunzo ya ufundi. Ningefanyaje? Najua ningefanyaje. Ningetaja elfu thelathini na kukaa chini. Nilitaka makofi.

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Ukungu hadi saa nne. Kazi ya leo: zipu mbili na sketi ya kupunguza. Mkaa umeisha. Skola amepikia mabua ya mahindi, macho yamemwiva kwa moshi. Mwenyekiti wa kamati amepiga simu, anataka nusu ya ahadi wiki hii hii. Nimemwambia haina shida.

Haina shida! Mimi huyu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefanya jambo baya.

Skola alikuwa bondeni anasafisha kinyungu, shamba letu dogo la kiangazi. Nikaingia stoo, nikatoa viazi vya mbegu, magunia yote mawili. Bodaboda hadi sokoni. Mnunuzi ni muuza chipsi. Alivunja machipukizi ya kiazi kimoja kwa kidole gumba, akaniuliza, "Mzee, hivi si vya kupanda?" Nikasema vimezidi. Akanipa laki na elfu tano. Nikamtumia mwenyekiti laki pale pale sokoni, nisije nikapata akili nikiwa njiani.

Ijumaa, 11 Julai

Ameona. Alitoka stoo na kikapu kitupu, akakaa kizingitini. Nilingoja matusi. Akauliza tu, "Vyote?"

"Vyote."

Akainuka, akaenda kumpakulia binti yetu, Neema, chakula. Mtoto ana miaka tisa. Alitutazama mmoja mmoja, akala haraka, akatoka. Mimi sikula. Naona aibu hata kukohoa humu ndani.

Jumapili, 13 Julai

Makambako, peke yangu. Nilimkuta kaka kabla ya kikao, nikamwambia laki iliyobaki sina na sitaipata.

"Nani alikusimamisha siku ile, mdogo wangu?"

"Hakuna."

"Shemeji anajua?"

Nikamweleza habari ya mbegu. Akafunga macho. Akasema atanifutia kimya kimya, mwenyekiti hatasoma jina langu. Nilitamani sana kukubali. Lakini niliahidi nimesimama, nikaona nikane nimesimama. Nilipoitwa nikasema nimeshindwa, nilichotoa ndicho nilichonacho. Mtu akacheka nyuma, pale ninapokaaga mimi. Mwenyekiti akasema, "Tumekusikia, kaa."

Nikiondoka, mke wa kaka akanipa mfuko wa mchele. "Wa mtoto," akasema. Kicheko kile nilikivumilia. Mchele huu umenimaliza.

Jumatano, 16 Julai

Mama mkwe amefika kutoka Mdandu na gunia la mbegu. Skola ndiye aliyemwomba. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikamsikia anamwambia mama yake kwamba zetu zimeoza kwa unyevu. Skola hasemi uongo. Sijawahi kumsikia akisema uongo.

Nikazunguka kusalimia. "Kamwene, mwanangu," akaniitikia mama mkwe, akanipa pole ya viazi kuoza. Nikapokea pole. Mikono miwili.

Jumamosi, 19 Julai

Tumepanda. Gunia moja, nusu ya kinyungu. Nusu nyingine imebaki tupu na kila anayepita juu barabarani anaiona. Jirani ameuliza kwa nini. Nikafungua kinywa kusema unyevu, nikashindwa. Nikamwambia niliuza mbegu. Skola alikuwa kwenye mtaro wa pili. Jembe lake lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya misa tumekaa nje, juani. Nimempa Skola pesa yote ya wiki mkononi, na noti ya mwisho iliyokuwa mfukoni mwa shati. Yeye ndiye atakayepanga tangu sasa. Nilimwomba mwenyewe. Akatenga ya mkaa, ya unga, ya daftari za Neema. Iliyobaki ilikuwa ndogo. Aliishika muda mrefu.

"Na wewe, unahitaji nini?"

Sikutegemea swali hilo. Miaka yote hii sijawahi kumwuliza yeye. Nikatazama chini.

"Soksi," nikasema.

Akacheka kidogo. Akatenga elfu mbili.