Jumuiya Imesusa Wali wa Kaka Yangu

Mbeya, Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi ya leo inaingia hadi kwenye meno, na manyunyu hayajakata tangu asubuhi. Nimekaa jikoni kwa mama, mbele ya sufuria kubwa ya wali ambao wageni wameukataa. Wali hauna kosa.

Nasikia kinyaa. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu leo wamelitumia wao kwanza.

Ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Kwa asiyejua, kila Alhamisi majirani wa usharika wetu hapa nyuma ya soko la Mwanjelwa hukutana nyumba kwa nyumba. Wanasoma neno, wanasali, halafu mwenye nyumba anawalisha. Mama amevunjika mguu, hawezi kusimama jikoni. Kaka yangu Lusajo, ambaye ni mpishi kwenye hoteli ya madereva wa malori huko Iringa, aliomba ruhusa kazini akaja kumuuguza, na begani ana mfuko wa mchele wa Madibira. Leo alikuwa jikoni tangu alfajiri.

Lusajo hajaoa. Juzi mtu alirusha picha yake kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya: amekaa na mwanamume mwenzake, rafiki yake wa Iringa, vichwa vimegusana, wanacheka. Hakuna zaidi. Mimi ni dada yake, najua anampenda nani, naye anajua kwamba najua. Hatujawahi kuitishana kikao.

Mzee wetu wa kanisa, nitamwita Baba Neema, akafungua Mwanzo kumi na tisa. Halikuwa somo la wiki. Alisoma habari za Sodoma polepole, wanaume wa mji wakiizingira nyumba ya Lutu kuwataka wageni wake, macho kwa Lusajo. Alipofika pale Lutu anapowatolea wanaume hao binti zake wawili wawafanye watakavyo, alipita kama anasoma tangazo la mnada. Hakuna mama hata mmoja aliyeguna. Na mimi ni binti wa mtu! Niliguna kimoyomoyo, nikaendelea kupanga sahani. Nilipaswa kusema pale pale.

Chuoni Iringa nilikosoma theolojia tuliichambua sura hiyo mpaka tukachoka. Enzi zile msafiri aliyekosa mlango wa kulala alikuwa mikononi mwa yeyote. Wanaume wa Sodoma hawakuja kumpenda mtu. Walikuja kuwanajisi wageni ili kuwadhalilisha, kama askari wanavyowafanyia mateka. Nabii Ezekieli anapoitaja dhambi ya mji ule anaanza na kiburi, shibe, na kutomshika mkono maskini. Naye Paulo, anapokemea wanaume kulalana, aliandikia watu wa miji ambako bwana alimtumia kijana mtumwa apendavyo na hakuna aliyemuuliza. Huo ndio uchafu aliokuwa akiuona kila siku.

Sijidai nimemaliza ubishi. Mwalimu wangu mwenyewe, mtu mpole niliyemheshimu, alishikilia kwamba Paulo alikataza yote, zama zote. Tulibishana naye hadi kengele ikalia, kisha tukaenda kunywa chai pamoja.

Leo, baada ya amina, hakuna aliyenyoosha mkono kunawa. Mmoja ghafla alikuwa amefunga. Mwingine tumbo linamsumbua. Mama Neema alijiziba pua kwa kitenge, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba anaona kinyaa kula kilichoshikwa na mikono ile.

Mikono ile ndiyo inayombeba mama kumpeleka bafuni.

Huku kwetu ukiacha chakula cha mtu makusudi, umemtangazia kwamba humhesabu tena. Lusajo alisimama na jagi na beseni lake mpaka maji yakapoa.

Mlangoni Baba Neema akamgeukia mama. "Mama Tusa, sisi tunakuheshimu. Lakini mtoe huyo kijana. Mtoe leo, la sivyo jumuiya haikanyagi tena hapa, hata kwenye msiba. Sasa utazikwa na nani?"

Mtoe.

Wale wa Sodoma walisimama mlangoni kwa Lutu wakidai nini, kama si hicho hicho?

"Baba Neema," nikasema, "hayo maneno umeyasoma sasa hivi. Ni ya wale waliokuwa nje."

"Usinifundishe Biblia, binti," akajibu, akafungua mwavuli wake.

Basi ndicho kinachonichefua. Mtu anasoma kisa, anafunga kitabu, anakitenda, kisha anakwenda zake anaimba pambio. Na ni watu ninaowapenda. Mama Neema ndiye aliyenifundisha kuimba alto. Najiona nimechafuka kwa kukaa nao kwenye mkeka mmoja.

Walipoondoka, Lusajo akaanza kufunga begi. "Mama, mimi niende tu. Asubuhi kuna basi la Iringa. Wewe unawahitaji hawa."

Mama akadai wali. Alikula sahani mbili, akaomba na ukoko. Akiwa bado anatafuna akaniuliza, "Tusa, hivi nikifa, huyu Lusajo hawezi kushika jembe akanichimbia?"

"Anaweza, mama."

"Haya. Nitandikieni godoro hapo mlangoni."

Tukalitandika. Akajilaza kwa ndani, mguu wa plasta umeziba kizingiti kizima. "Anayetaka kuja kumtoa mgeni wangu ataniruka," akasema. Kisha akamtazama Lusajo. "Na wewe ukitaka kutoka, utaniruka."

Lusajo ameketi pembeni yake, begi magotini, analia bila sauti. Mimi nimepasha wali moto, nimempakulia.

Kutakucha tu. Basi la Iringa litapita, na sijui jumuiya itatufanya nini. Ila kwetu mtoto haruki miguu ya mama yake, na mama ameshaanza kukoroma.