Kijana wa Jirani

Wifi yangu,

Basi juzi simu yetu ilikatika nikiwa ndiyo nimefika kwenye kile kituo cha kuachisha ulevi. Kwa aibu, nikamwambia nesi namuulizia kijana wa jirani. Nikachungulia jikoni, nikabonyeza magodoro, nikauliza hata nani anakoroma. Bei nayo ikanikata maini!

Nesi akasema, "Mzazi akitushonea mashuka, tunampunguzia nusu. Huyo jirani anajua kushona?"

Wifi, nusu bei! Nikamwambia, "Anajua. Ni mimi."

Mwanangu jana alikubali kwenda, leo anazungukazunguka uani na begi, sijui anawaza nini. Ngoja, ananiita: "Mama, twende sasa hivi, kabla sijabadili mawazo!"

Nakimbia,
Wifi yako fundi cherehani