Aliyechomeka Waya

Kaka yangu Gaylen,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Moshi wa nyumba yako nauona kila asubuhi kutoka dirisha la jikoni, kwa hiyo najua uko hai na kuni unazo, lakini moshi hausemi kama goti limepona. Sisi hatujambo. Mke wangu Ardis ni mzima isipokuwa macho, nami ni mzima isipokuwa aibu, ambayo nayo imeanza kupungua. Najua utashangaa kuandikiwa na mtu anayekaa ng'ambo ya barabara. Bwana wee, tumenuniana miaka sita, tangu ulipouza ng'ombe wa Baba bila kuniambia, na mdomo wangu umesahau namna ya kuanza. Mkono afadhali.

Habari ya kukamatwa kwangu umeshaisikia, maana hapa kwetu mtu hapigi chafya kaunti nzima isijue. Ila ulichosikia ni nusu, na hiyo nusu yenyewe imetiwa chumvi. Sikuingia mtaroni wala sikumtukana askari. Ilikuwa Ijumaa ya samaki kwenye baa ya LaVonne, baridi ile ya kugandisha kope, na swahiba wangu Odell alikuwa anasherehekea kustaafu. Kila aliyeingia alimnunulia brandi, naye kwa kuwa tumbo lake halitaki tena, akawa ananisukumia mimi. Nilizipokea kwa moyo mkunjufu. Mwishowe nikatoka, nikaingia kwenye pikapu, nikawasha injini, nikalala fofofo juu ya usukani. Aliyeniamsha ni kijana wa polisi akigonga kioo. Nikamwambia sijasogea hata unyayo. Akanijibu, kwa adabu zote, kwamba kwa sheria mlevi aliyekaa kwenye usukani huku injini inanguruma ni sawa na aliye barabarani, kisha akaniomba nipulize kile kidude chao. Nikapuliza, na namba iliyotoka siiandiki hapa.

Hapo ndipo roho iliponiruka. Ardis haendeshi tena, na sindano zake za macho ziko mjini, mwendo wa saa nzima. Mimi nikinyang'anywa leseni, hapa hapakaliki. Binti yetu Kirsten hakupoteza muda. Alipiga simu kutuambia ameona nyumba nzuri ya kupanga karibu naye, ghorofa ya tatu, ina lifti, basi tuuze hapa twende. Nilitegemea mama yake atambishia. Ardis alichukua magazeti ya zamani akaanza kufunga vikombe. Angenitukana ningepumua.

Odell akanishauri nikiri tu yaishe, eti wakili ni wa watu wenye jambo la kuficha. Ardis akamwambia aliyemnywesha mwenzake anyamaze, akanitafutia wakili mwenyewe: Pa Houa Vang, aliyesoma darasa moja na Kirsten. Tulikwenda na sinia la viazi na nyama ya kusaga, kama tunaenda msibani, na yule binti akala palepale huku anasoma faili. Amri yake ya kwanza ilikuwa nifunge mdomo, kwani nilikwisha kumwambia askari maneno ya kutosha mwaka mzima.

Kwenye picha za polisi akaona kitu, akafurahi. Waya wa hita ya injini yangu, ile inayoipasha moto isigande gari likiegeshwa kwenye baridi, ulikuwa bado umechomekwa kwenye nguzo ya umeme nje ya baa. Mtu anayetaka kuondoka, alisema, huchomoa kwanza. Huyu aliyeacha waya alikusudia kulala pale hadi pombe imtoke. Mwendesha mashtaka aliposikia alicheka sana. Alisema kila majira ya baridi nusu ya kaunti inaondoka na waya zikiburuta nyuma, na yeye mwenyewe aling'oa soketi ya kanisani mbele ya mchungaji. Basi kesi nzima ikabaki juu yangu: nisimame niape kwamba nilichomeka waya kwa mkono wangu, ili nilale. Nilikuwa tayari kuapa. Sikukumbuka sawasawa, lakini huku nani anakumbuka kuchomeka waya? Unafanya tu, kama kukung'uta theluji mlangoni.

Jumapili kabla ya siku ya mahakama nilikwenda kwa LaVonne kunywa kahawa. Kahawa tu, usinikunjie uso. Mdomo ukaniwasha, nikamhadithia habari ya waya. Alifuta kaunta mahali pamoja muda mrefu, halafu akaniambia sikuchomeka mimi. Mimi niliegesha nikakimbilia ndani kwenye harufu ya samaki. Waliochukua samaki wa kwenda nao nyumbani usiku ule, mmoja wao ulikuwa wewe. Ukaona waya wa pikapu yangu unaning'inia kwenye baridi ile, ukapiga goti kwenye theluji, goti hilohilo bovu, ukauchomeka. Na ukamwonya LaVonne kwamba akinigusia tu, hutatia mguu kwake tena.

Kaka, nililia. Nililia mbele ya kikombe, na LaVonne akajifanya anatafuta sukari. Halafu nikakukasirikia kidogo, maana usingechomeka, injini ingeganda, isingewaka, nami ningerudi ndani kulala kwenye benchi. Wema wako ndio ulionitia ndani.

Sasa nikuambie lililonirudia palepale kwenye kiti, ambalo Ardis nimemwambia juzi tu. Mimi sikuwa nimekusudia kulala. Nilikuwa nangoja barafu ya kioo iyeyuke niende zangu nyumbani. Ningeliendesha gari, Gaylen, katika hali ile, kwenye barabara hii wanayopita watoto wa jirani. Usingizi ndio uliowahi.

Nikamweleza wakili yote. Akaweka kalamu chini, akasema baada ya hayo hawezi kunisimamisha niape, na akaniuliza kama naelewa nimetupa nini. Nikamjibu nadhani ni nyumba. Akaenda kuzungumza na mwendesha mashtaka faraghani, akakawia, akarudi uso umekunjuka. Waya ulikuwa umechomekwa, gari halikusogea, kwa hiyo hata upande wa pili haukuwa na uhakika wa kushinda. Wamekubali kosa dogo la uzembe. Mbele ya hakimu nilisema mambo kama yalivyokuwa, bila kupunguza. Nimepigwa faini, nimepelekwa darasani kufundishwa habari za pombe pamoja na vijana wenye hereni puani, na leseni inashikwa mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu! Ardis amevirudisha vikombe kabatini. Kirsten amenuna, lakini hatuhami.

Ila ndani ya mwezi huo kuna sindano, Jumanne hii saa nne asubuhi. Odell amejitolea, Ardis kamkataa. Nakuomba wewe umpeleke. Kama hutaki kuzungumza, redio inafanya kazi, na mimi nitakaa kiti cha nyuma. Habari ya ng'ombe, ukitaka tutaizungumza, na usipotaka mimi nimeshaimaliza. Nimekukumbuka sana.

Ardis anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Barua hii siipeleki posta. Naipitisha chini ya mlango wako mwenyewe, na ukifika mstari huu, mimi bado nimesimama nje. Fungua, kaka, baridi ni kali.

Mdogo wako,
Norval